UZI: Neno "nywele" lina visawe kweli? Tuyapange maneno yetu, kila moja mahali pake

MwanaMrima (mtoa mada)

Wakuu, habari za leo.

Kuna swali linalozunguka sana kwa wanafunzi: "Taja visawe vitatu vya neno nywele." Majibu yanayokubaliwa ni manyoya, singa, malaika, ndevu, na wengine wanaweka hata mvi. Mtoto anapata vema, tunasonga mbele. Mimi nasema hapo hakuna kisawe hata kimoja, na kinachoniuma ni kwamba tukiyaita yote visawe tunayaua moja baada ya jingine. Kisawe ni neno unaloweza kuliondoa ukaweka mwenzake palepale, maana isiyumbe. Mwambie msusi umekuja akusuke manyoya uone atakavyokuangalia.

Nianze na neno lenyewe. Mmoja ni unywele, nyingi ni nywele. Ngeli ya U-ZI: unywele umekatika, nywele zimekatika, unywele mrefu, nywele ndefu. Siku hizi "nywele yangu" imeenea hadi kwenye matangazo ya mafuta, kana kwamba umoja wake haupo. Upo, na unafanya kazi. Masheikh wakiielezea Sirati, njia ya kuvuka juu ya Jahanamu siku ya Kiyama, husema ni nyembamba kuliko unywele na kali kuliko upanga. Kwenye Biblia ya Union, Mathayo 5:36 inasema huwezi kufanya unywele mmoja kuwa mweupe au mweusi, halafu ukifika 10:30 unaambiwa hata nywele za vichwa vyenu zimehesabiwa zote. Huyo mmoja na hizo zote zina kazi tofauti kabisa katika mafundisho hayo.

Sasa angalieni majirani zake: udevu na ndevu, ukope na kope, unyusi na nyusi, unyoya na nyoya, usinga na singa. Ongezeni uzi na nyuzi, ukuti na kuti, unyasi na nyasi, ufito na fito. Kiswahili kimekusanya pamoja vitu vyembamba na virefu ambavyo kwa kawaida unaviona katika fungu. Fungu ndilo linalotajwa kila siku, na ukitaka mmoja unauchomoa kwa U. Mimi naona huu ni utaratibu mzuri mno wa kuitazama dunia, na ndiyo maana "nywele yangu" inanikera.

Kuna wanaosema neno hili limetoka kwenye kunywa, eti kwa sababu nywele hunywa mafuta. Sikubaliani. Wazulu kule Afrika Kusini husema unwele kwa mmoja na izinwele kwa nyingi, na kunywa kwao ni ukuphuza. Neno ni la Kibantu cha kale, na linajitegemea.

Tuje kwenye hivyo vinavyoitwa visawe.

Manyoya ni ya mnyama na ndege. Kuku ana manyoya, paka ana manyoya, kondoo naye yake yakishakatwa na kusokotwa huitwa sufu (msichanganye na sufi, ile ya mti wa msufi inayojazwa kwenye mito). Mtu hana manyoya. Ukimwambia mtu ana manyoya kifuani umemfananisha na mnyama, awe amekasirika au amecheka.

Singa ndiyo imenifanya niandike uzi huu. Wengi wetu tunaijua kwenye "nywele za singa" tu, zile zilizonyooka na kuteleza, na tunadhani singa ni sifa ya uzuri. Lakini usinga ni unywele wa mnyama, hasa ule mrefu wa mkiani. Ndiyo maana kitu kile alichokuwa akishika Mzee Jomo Kenyatta mbele ya umati kinaitwa usinga; wengine huku kwetu tunakiita mgwisho. Na kama hamniamini, fungueni Mathayo 3:4: Yohana alikuwa na vazi la "singa za ngamia". Waliotafsiri hawakuandika nywele za ngamia. Walijua wanachokifanya.

Kwa hiyo mtu akisifiwa kwa nywele za singa, kiasili amefananishwa na mkia wa farasi au ng'ombe. Ndipo hapo ninapouliza: ni lini singa ikawa ndiyo "nywele nzuri" na kipilipili ikawa "nywele mbaya"? Neno kipilipili halina tusi ndani yake. Limetazama jinsi nywele zetu zinavyojikunja na kujikusanya vipunje vipunje kama punje za pilipili manga, likaeleza kwa usahihi. Dharau tumeiongeza sisi baadaye.

Malaika, mvi na mengine nitarudi nayo. Karibuni tujadili.

BintiTemeke

Mkuu, asante sana kwa uzi huu. Mimi ni msusi, kazi yangu ni vichwa vya watu kutwa nzima, kwa hiyo hili la nywele nzuri na mbaya nalisikia kila siku.

Wiki iliyopita kaja mama na mtoto wake wa kike, bado mdogo, wa chekechea. Hajakaa vizuri ananiambia, "Dada huyu mtie dawa, nywele zake mbaya, amechukua za baba yake." Mtoto anasikia. Nikazishika: nyingi, zimejaa, hazijakatika hata pembeni, kipilipili safi. Shida ilikuwa zimekauka na zimechanwa zikiwa kavu kwa kitana cha meno madogo. Nikazilowesha, nikapaka mafuta ya nazi, nikachukua chanuo la meno mapana nikaanzia kwenye ncha kurudi kwenye shina, fungu kwa fungu. Mtoto hakulia. Nikamsuka mabutu kwa uzi mweusi, yakasimama vizuri. Mama akasema, "Kumbe zinasukika." Zinasukika tangu enzi na enzi, mama.

Sasa nichangie maneno ya kazini, maana naona wasomi mnaishia kwenye kamusi. Kabla ya kusuka tunafumua, yaani kuondoa msuko wa zamani. Halafu tunachambua na kukata njia. Njia ni ule mstari wa ngozi unaoonekana kati ya suko na suko. Njia ikipinda, kazi yote imeharibika hata kama umesuka vizuri vipi. Suko zinazolala kichwani sisi tunaziita mistari. Wazee wetu walikuwa na twende kilioni: mistari ya haraka inayorudi nyuma moja kwa moja, isiyo na madoido, kwa sababu msiba umetokea na mtu anatakiwa atoke nyumbani akiwa nadhifu. Jina limebaki ingawa siku hizi unaisuka hata kwa ajili ya shule. Vitunguu ni vile vinavyozungushwa kuwa vidonge kichwani. Za uzi ni za uzi, zinavuta nywele zikarefuka bila moto. Na rasta huku Dar ni zile nyuzi za dukani tunazochanganya na nywele za mtu, hazina uhusiano na imani ya Kirasta. Ukiwa nazo zile zenyewe zilizojisokota tunasema dredi.

Kuhusu wale kaka zetu wa Kimasai wanaosuka mjini, wana mkono mzuri ajabu wa kusokota vile vyembamba. Kwao moran, yaani kijana mpiganaji, ndiye mwenye nywele ndefu za kusuka, za wanawake hunyolewa. Kwa hiyo mtu anayeshangaa mwanaume kusuka hajui kwamba wenzake wanaona ni jambo la kawaida kabisa.

MwanaMrima

Dada BintiTemeke, hapo kwenye njia umenifurahisha. Hiyo ndiyo lugha inayoishi. Na kwa hao moran, ukifika wakati wao wa Eunoto, wa kupanda kutoka umoran mdogo, mama mzazi ndiye anayemnyoa mwanawe zile nywele alizozikuza miaka yote. Vijana wakakamavu hulia machozi siku hiyo.

Mpate

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Sisi watu wa Lamu na Pate hilo neno twalisema nyee. L kwetu huanguka: mlango ni mwango, nywele ni nyee. Si makosa wala si utoto, ni Kiswahili cha tenzi. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wake mwaka 1858, alimuusia aoge, ajisinge, azifunge nyee zake na atunge asumini. Wanafunzi wa bara wakifika ubeti huo hukwama wakadhani nyee ni neno la Kiarabu. Ni nywele hizihizi.

Na mtoa mada, hapo pana jambo hukuligusa. Kujisinga hapo ni kujisugua mwili kwa vitu vya kunukia. Kutoka huko ndiko kuna singo, ile anayosingwa bibi harusi hadi leo Unguja na kwetu. Hiyo singa ya kitendo na ile singa ya mkiani ni maneno mawili, yasichanganywe. Na ya tatu ni Singasinga, ndugu zetu Makalasinga wa kutoka Punjabi; hilo limetokana na jina lao Singh. Nimemsikia mtu mzima akieleza kwamba wameitwa Singasinga kwa kuwa nywele zao ni za singa na hawazikati. Hawazikati kweli, ni sharti la dini yao, lakini jina limetoka kwingine.

Kwa nyanya zetu nywele hazikuwa za kusuka tu. Zilifukizwa. Chetezo chawekwa chini, udi watiwa, mtu aziinamisha nywele akiwa amejifunika kanga moshi usitoke. Harufu yakaa siku nyingi.

KinyoziMwanza

Wanaume nasi tupo, msitusahau wakuu.

Kamusi zimejaa denge na panja, vijana wanasoma hawajui ni nini. Denge ni kunyoa pembeni kote ukaacha duara la nywele utosini. Panja ni ile sehemu kati ya paji la uso na sikio. Kunyoa panja ni kuzisafisha hizo pembe. Kijana anakuja leo anasema "ninyoe kiduku" au "panki", nikimaliza namwambia babu yako angekiita kichwa hicho jamaa wa denge, tofauti ni kwamba chako kinaanzia kwenye paji kinakwenda kisogoni kama barabara.

Ndevu nazo haziko neno moja. Sharubu ni za juu ya mdomo, Kenya wanasema pia mustachi. Sharafa ni zile zinazoshuka kutoka panjani kupitia mashavuni hadi kidevuni. Mteja akisema "nichonge" maana yake nimpe mstari mkali wa ndevu, nisiziondoe. Akisema "punguza" ni mashine namba fulani. Akisema "toa zote" ndipo nanyoa. Na nyusi hatunyoi, tunatinda. Kuku ndiye ananyonyolewa.

Methali ya "mwenzako akinyolewa zako tia maji" watu wanaitumia bila kujua maji ni ya nini. Wembe mkavu unachubua na unang'oa. Nywele zikilowa zinalainika, wembe unapita. Kwa hiyo anayetia maji ameshakubali kwamba zamu yake inafika, anachopunguza ni maumivu.

MwanaMrima

KinyoziMwanza, na methali hiyo ina hazina nyingine ya lugha. Neno nywele halimo. Kilichobaki ni "zako", na kila Mswahili anaelewa zako nini. Upatanisho wa ngeli umebeba nomino nzima mgongoni. Anayesema "nywele yangu" atalazimika kusema "mwenzako akinyolewa yako tia maji", na methali imekufa.

Kitendawili nacho: "Shamba langu kubwa, mavuno hayajazi kiganja." Jibu ni nywele. Nimekipenda tangu utotoni kwa sababu kinakwenda kwa kinyozi moja kwa moja: kichwa kizima kimenyolewa, ukikusanya chini unapata konzi moja.

NesiMstaafu

Wanangu, nimesoma yote. Nichangie kidogo upande wangu.

Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000 hivi. Kila mwezi unywele unarefuka kama sentimita moja na ushee, na kwa siku mtu kupoteza 50 hadi 100 ni kawaida, kwa hiyo ukiziona kwenye chanuo usikimbilie kwa mganga. Unywele unaota ndani ya kishimo kidogo kwenye ngozi. Kishimo kikiwa kimenyooka na cha mviringo, unywele unatoka umenyooka. Kikiwa kimepinda na unywele wenyewe ni bapa kidogo, unajikunja. Hiyo ndiyo tofauti ya singa na kipilipili, hakuna zaidi. Kipilipili hukauka haraka kwa kuwa mafuta ya ngozi hayateremki kwa urahisi kwenye unywele uliojikunja. Ndiyo maana dada msusi aliupaka mafuta na kuanzia ncha, na amefanya sawasawa.

Hizi dawa za kulainisha naziogopa kwa watoto. Nyingi zina magadi makali ya viwandani, sodium hydroxide au ndugu zake, na zinafanya kazi kwa kuvunja vifungo vilivyomo ndani ya unywele. Kitu kinachovunja unywele kikikaa kidogo zaidi kinaunguza ngozi. Nimewahi kumsafisha mtoto vidonda kichwa kizima, na mahali pengine nywele hazikuota tena. Subirini wakue waamue wenyewe.

Halafu kuna kinyweleo na vinyweleo. Sisi hospitali tulikuwa tunalitumia kwa vile vitundu vya ngozi, jasho linapotokea. Wajukuu zangu wanasema "vinyweleo vimenisimama" wakimaanisha zile nywele ndogondogo za mkononi. Mtoa mada, hizo si ndizo malaika?

MwanaMrima

Shikamoo mama. Ndizo hasa.

Hapa tuna neno zuri ambalo linapotea mbele ya macho yetu. Zile nywele laini za mwilini, za mikononi, shingoni, mgongoni mwa mtoto mchanga, ni malaika. Moja ni laika. Ngeli ya LI-YA: laika limesimama, malaika yamesimama. Na wale wa mbinguni wako A-WA: malaika amesimama, malaika wamesimama. Ukisikia habari ya kutisha usiku, malaika YANAsimama. Tofauti ya kiambishi kimoja inatenganisha ngozi na mbingu. Siku hizi wengi husema "malaika wamenisimama", na sioni ajabu, kwa sababu laika limesahaulika na malaika wa dini wamebaki peke yao vichwani mwetu.

Kwa hiyo vinyweleo kwa vitundu, malaika kwa nywele zenyewe. Wajukuu waambiwe, mama, wakiwa bado wanasikiliza.

Mwanachuo2

Wakuu mmezunguka kote lakini kuna neno moja mnalikwepa. Nalo ni la Kiswahili, lipo kwenye kamusi.

Mpate

Hatulikwepi, twalistahi. Ni vuzi, wingi mavuzi, nywele za sehemu za siri. Ndani ya kamusi ni neno safi kama mengine. Hadharani husemi, wasema nywele za kinena au nywele za sehemu za siri. Kwenye darasa za fiqhi, yaani sheria za dini, huelezwa wazi kwamba kuziondoa na za kwapa ni katika usafi wa maumbile, na zisiachwe kupita siku 40. Mwalimu hulisema, wanafunzi huandika, hapana anayecheka. Ukilitamka barabarani kwa mtu ni matusi makubwa. Neno lilelile, mahali ndipo hubadilika.

Na kwa kuwa tumeingia kwenye dini: mtoto akitimiza siku saba, pamoja na akika, hunyolewa nywele alizozaliwa nazo, zikapimwa, na uzani wake wa madini ya fedha ukatolewa sadaka. Nywele za mtoto mchanga uzani wake ni mdogo mno, lakini sadaka yatolewa.

Mlezi_Nakuru

Hamjambo. Huku kwetu Nakuru shida ni shule. Wasichana wengi wanaambiwa wanyoe, na binti yangu aliniuliza kwa nini nywele zake ndizo zinazoitwa chafu. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba mwanafunzi wa Kirasta aliyefukuzwa kwa ajili ya dredi zake alionewa, arudi darasani. Uamuzi ule ulisimamia imani yake, kwa hiyo asiye Rasta bado yuko mikononi mwa kanuni za shule.

Na mkitaja dredi, msiwasahau wapiganaji wa Mau Mau. Ile picha ya Dedan Kimathi baada ya kukamatwa Oktoba 1956, amelazwa, nywele zimesokotana, kila Mkenya anaijua. Nywele zile zilikuwa za msituni, za mtu asiyekuwa na nafasi wala sababu ya kwenda kwa kinyozi.

Swali langu: kwa Kikuyu mvi ni mbuĩ. Je, ni neno moja?

MwanaMrima

Dada yangu wa Nakuru, ni neno moja kabisa. Waganda wanasema envi, Wachewa wa Malawi imvi, Wanyarwanda na Warundi imvi. Eneo lote hilo watu wamezeeka na neno moja. Ukilinganisha na nywele zenyewe, zimetawanyika: Kinyarwanda umusatsi, Kichewa tsitsi, Kiganda enviiri, Kikuyu njuĩrĩ. Jina la nywele linabadilika ukivuka mpaka, mvi inabaki.

Na ndiyo maana mvi haiwezi kuwa kisawe cha nywele. Ni nywele zilizofikia hali fulani, na hali hiyo ina heshima yake. Mithali 16:31 inaita kichwa chenye mvi taji ya utukufu. Katika Sura Maryam, Nabii Zakariya anamlalamikia Mola wake kwamba mifupa imedhoofika na kichwa kimejaa mvi. Vitabu vyote viwili vimeiona mvi kuwa ni ushahidi wa umri uliotumika. Leo mtu akiona mbili tatu anakimbilia kanta au piko. Mimi simzuii, ila asiziite uchafu.

Kuhusu sheria na nywele, si shule tu. Hapa Tanzania, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia 1 Januari 1969 sketi fupi, suruali za kubana, mikorogo na wigi vikapigwa marufuku. Hoja ilikuwa kulinda utamaduni wa Mwafrika. Kuhusu wigi naelewa walichokuwa wakikitafuta, kwa sababu wigi nyingi zilikuwa za singa na zilikuwa zinatufundisha kuzichukia zetu. Lakini walioviziwa barabarani na kudhalilishwa walikuwa wasichana, na nywele za kipilipili hazikupata heshima kwa njia ile. Heshima ingeanzia kwenye kinywa cha mama pale saluni kwa BintiTemeke.

BintiTemeke

Kweli kabisa. Mimi saluni kwangu nimeweka sharti: hakuna kusema "nywele mbaya" mbele ya mtoto. Sema ngumu, sema kavu, sema zimekatika, nitajua la kufanya. Mbaya haina dawa kwa sababu sijui unamaanisha nini. Zikiwa na mba nitakuambia mba, zikiwa na mapunye nitakuambia kwanza nenda hospitali, mapunye yanaambukiza na sitaki chanuo langu liyapeleke kwa mwingine. Kila tatizo lina jina lake.

Mwanachuo2

Nimeelewa. Lakini nikikutana na swali hilo kwenye mtihani, "taja visawe vya nywele", niandike nini? Nikisema havipo napata sifuri.

MwanaMrima

Mdogo wangu, swali la haki hilo. Ukitaka neno linaloweza kukaa mahali pa nywele na maana isiyumbe, la karibu zaidi ni nyee, na hilo ni nywele hizohizo kwa lahaja ya kaskazini. Yaliyobaki yataje kama maneno ya uwanja mmoja na uyaeleze: ndevu za kidevuni, sharubu za juu ya mdomo, kope za jicho, nyusi za juu ya jicho, malaika ya mwilini, mvi nyeupe za uzee, singa za mnyama au zilizonyooka, shungi la nywele zilizokusanywa utosini. Hilo la mwisho lina historia pia: Samsoni alikuwa na vishungi saba, na ushungi wa kichwani wa mama zetu uko jirani yake. Mwalimu mwenye moyo atakupa vema, na asipokupa, mwonyeshe kwa adabu Mathayo 3:4.

Maneno mawili bado nayatafuta wakuu. La kwanza ni timtim, tunaposema "nywele timtim" kwa zile ambazo hazijachanwa: nani analo jingine la lahaja yake? La pili ni zile nywele fupi za pembezoni mwa paji la uso ambazo wasusi wanazilaza kwa mafuta na mswaki. Wasichana wanazitaja kwa Kiingereza, na sitaki kuamini kwamba bibi zetu walizilaza miaka yote bila kuzipa jina. Mlioko Tanga, Pemba, Kilwa na Mafia, waulizeni wazee majumbani mje mtuambie.

Mpate

Hilo la pili nitamuuliza nyanya yangu Ijumaa. Yeye hutoa udi kwanza ndipo azungumze.